Laptopu nyepesi kwa Sh60,000: peleka begi kwenye mzani, si laptopu pekee

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Mimi ni afisa wa nyanjani katika mradi wa kilimo. Nakaa Kisumu lakini siku nne kwa wiki niko barabarani: Ugunja, Bondo, wakati mwingine hadi Busia, matatu kwanza kisha boda. Laptopu niliyo nayo ni ya inchi 15 na imenimaliza mgongo. Nina Sh60,000. Kazi yangu ni Excel, Word, data za KoboToolbox (mfumo wa kukusanya data nyanjani) na mikutano ya Zoom. Lazima iwe ya Windows kwa sababu ya programu za ofisi. Hapa Oginga Odinga Street nimeonyeshwa mpya yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Celeron, na duka la pili HP EliteBook 840 G5 ya ex-UK kwa Sh36,000. Binamu yangu anasema nisikubali prosesa yoyote iliyo chini ya i7. Na je, niagize Nairobi? – Dada wa barabarani, Kisumu

JIBU: Dada, binamu tutamfikia. Kwanza niulize: begi lako zima lina kilo ngapi?

Nauliza kwa sababu jirani yangu wa kibanda huuza omena, na mteja akija kulia uzito wa laptopu huwa naazima mzani wake. Juzi mwanafunzi mmoja alileta mashine ya inchi 15. Yenyewe ilikuwa kilo mbili na kitu. Tukaweka chaja pamoja na ule waya mnene wa plagi ya miguu mitatu: karibu nusu kilo. Kisha akatoa waya wa extension, maana betri ilikuwa imekufa na akiingia hotelini kula hajui soketi itakuwa upande gani. Kijana alikuwa anabeba kilo tatu na ushee, na mwenye duka alikuwa amemwuzia laptopu "ya kilo mbili tu".

Ndiyo maana nikisikia mtu anataka laptopu nyepesi, jicho langu huenda kwenye betri kabla ya kwenda kwenye kilo. Mashine ya kilo 1.2 yenye betri ya saa moja ni nzito kuliko ya kilo 1.5 inayokufikisha jioni ukiwa umeiacha chaja nyumbani. Wauzaji hawaoni hivyo, lakini mgongo ni wako.

Sasa yale uliyoonyeshwa. Celeron iache. Hizo mpya za bei ya chini mara nyingi huwa na prosesa kama N4500, ambayo ina viini viwili tu (viini ndivyo vinavyofanya hesabu), RAM (kumbukumbu ya kazi inayoendelea) ya GB 4, na badala ya SSD, hifadhi yenye kasi, zina eMMC ya polepole iliyogandishwa kwenye bodi. Windows 11 yenyewe inataka RAM isiyopungua GB 4 na nafasi ya GB 64 ili tu ikubali kukaa, kwa hiyo kabla hujafungua Excel mgeni ameshakula chakula chote cha nyumba. Ukiingia Zoom huku jedwali la wakulima elfu moja liko wazi, utasikia feni ikilia, na zile zisizo na feni zitanyamaza na kuganda.

Kuna mpya nyingine ambayo ningeiheshimu, ya Core i3-1215U na GB 8. Hiyo ina mbio za kutosha, na ina waranti. Ungekuwa mtu wa kukaa ofisini ningekuambia uichukue usiku huu huu. Lakini zinazouzwa kwa bei hizo nyingi ni za inchi 15.6, plastiki, kilo 1.6 au 1.7, na bawaba zake hazikutengenezwa kwa ajili ya boda ya kwenda Bondo.

Kwa hiyo tunabaki na ex-UK, yaani zile laptopu za makampuni ambazo hukodishwa miaka mitatu au minne huko Ulaya kisha huuzwa kwa jumla. (Walimu wa Kiswahili huiita kipakatalishi, sijawahi kumsikia mteja akilitumia neno hilo hapa Kondele, lakini nalipenda.) Zilipokuwa mpya zilikuwa mashine za bei kali: ganda la magnesi au alumini, kibodi isiyobonyea katikati, na SSD ambayo haina sahani ya kuzunguka ndani, kwa hiyo matuta ya barabara hayaiui kama yalivyoua diski za zamani. Tatizo ni kwamba zimetumika, na kila moja imetumika kwa namna yake. Wewe hununui modeli. Unanunua ile moja iliyo mezani.

Tuanze na umri, maana hapo ndipo watu wengi wanalia siku hizi. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, pamoja na kile kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. EliteBook 840 G3 ina kizazi cha 6, G4 ina cha 7. Zote mbili zimejaa madukani na zote mbili utazikuta zimewekwa Windows 11 kwa mlango wa nyuma. Inafanya kazi, sikatai, lakini Microsoft haikuahidi kuendelea kuzipa masasisho, na wewe unabeba majina na nambari za simu za wakulima. Zikwepe.

Na mtego wenyewe uko kwenye hiyo hiyo G5 uliyoonyeshwa. HP iliwahi kuuza 840 G5 zenye prosesa za kizazi cha 7, kama i5-7200U. Ganda ni lilelile, stika ya G5 ni ileile. Kwa hiyo usisome jina la laptopu, soma nambari ya prosesa: fungua Settings, System, kisha About. Ukiona i5-8250U au i5-8350U, hiyo nane baada ya kistari ndiyo kizazi. i5-10310U ni cha 10. i5-1135G7 na 1145G7 ni cha 11.

Hapo ndipo namjibu binamu. Hadi kizazi cha 7, prosesa za Intel za laptopu nyembamba, zile zenye U mwishoni, zilikuwa na viini viwili, hata zikiitwa i7. Kizazi cha 8, kilichoanza 2017, kilileta viini vinne hata kwenye i5. Kwa hiyo i7-7600U ina viini viwili na i5-8350U ina vinne, na bado kuna mtu atalipa zaidi kwa ajili ya ile ya kwanza kwa sababu ya herufi moja na tarakimu moja kwenye stika. Ndani ya kizazi kimoja, i7 ya U inaizidi i5 kidogo tu, na kwa Excel na Zoom hutaiona tofauti. Tofauti ya bei iweke kwenye RAM. Mwambie binamu namsalimu.

RAM nayo ina lake. Kadiri laptopu inavyokuwa nyembamba ndivyo watengenezaji wanavyopenda kuigandisha RAM kwenye bodi, na ikigandishwa, ulichonunua ndicho utakachozikwa nacho. ThinkPad X1 Carbon na ThinkPad X280 za Lenovo ziko hivyo: ukiipata ya GB 8, itabaki GB 8. ThinkPad T480s ina sehemu iliyogandishwa na tundu moja la kuongeza. EliteBook 830 G5 na 840 G5 zina matundu mawili, unafungua na kuweka unachotaka. Dell Latitude 7490 vilevile ina mawili. Ndogo yake 7390 ina moja. Kwa kazi yako GB 8 inatosha leo lakini inatosha kwa kubana. GB 16 ndiyo ningekuombea. Kwenye zilizogandishwa, GB 16 iwe sharti, usikubali kuambiwa "utaongeza baadaye".

Uzito? X1 Carbon ya kizazi cha 6 iko karibu kilo 1.13 na X280 iko hapo hapo. T480s na EliteBook 830 G5 ni kama 1.3. EliteBook 840 G5 uliyoonyeshwa inakaribia 1.5, kwa hiyo si nzito, lakini wewe kwa barabara zako ningependa ushuke zaidi. 840 G7, yenye kizazi cha 10, ina skrini ileile ya inchi 14 lakini imerudi hadi kama 1.3, na bado ina matundu mawili ya RAM. Kwa Sh60,000 ukipiga bei vizuri G7 inaweza kuingia. Ukiipata safi, ndiyo chaguo langu la kwanza. La pili ni 830 G5 yenye kizazi cha 8, na chenji inayobaki ununulie betri mpya na RAM.

Betri, basi. Hapa sitakimbia.

Usimwulize muuzaji betri inakaa saa ngapi. Atakuambia saa nne. Wote husema saa nne, sijui walikubaliana wapi. Mwombe aiwashe, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, ifungue, kisha andika powercfg /batteryreport na ubonyeze Enter. Windows itakuandikia ripoti na kukuonyesha imeiweka wapi. Ifungue utafute mistari miwili: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, yaani kinachoingia leo ikijaa. Kwenye 840 G5 ule wa kwanza huwa karibu 50,000 mWh. Wa pili ukiwa 31,000, betri imebaki na asilimia 62.

Geuza hiyo iwe saa. Laptopu za namna hii, ukiwa kwenye Word na Excel na mwanga wa katikati, hula kama wati 8. 31,000 mWh ni saa-wati 31. Gawanya kwa 8, unapata chini kidogo ya saa nne. Zoom hula zaidi sana, huenda ukabaki na saa mbili na nusu. Kwa mtu anayetoka Kisumu saa moja asubuhi na kurudi jioni, hiyo haitoshi. Ikiwa juu ya asilimia 80, lipa bila kinyongo. Kati ya 60 na 80, tumia nambari hiyo kushusha bei. Chini ya 60, hesabu kwamba unanunua laptopu na betri, vitu viwili.

Ripoti inaweza pia kuwa na CYCLE COUNT, lakini kwenye mashine nyingine mstari huo huwa mtupu, na usiutegemee. Tegemea macho: ilaze kwenye kioo cha kaunta uone kama inayumba, na utazame padi ya kugusa kama imeinuka au haibonyei. Betri iliyovimba huisukuma padi kutoka chini. Ukiona hivyo, hata upewe nusu bei, rudisha mezani uende zako.

Na ukishainunua, kumbuka unaishi Kisumu, si London ilikotoka. Betri za lithiamu haziipendi joto, na haziipendi kukaa zimejaa pomoni siku nzima kwenye chaja. HP, Lenovo na Dell zote zina mpangilio wa kuzuia chaji isipite asilimia 80 hivi. HP huuweka kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine, kabla Windows haijawaka), Lenovo kwenye programu ya Vantage. Siku za ofisini uwashe, siku ya Busia uuzime usiku ili ujaze hadi juu. Na usiiache kwenye gari lililofungwa juani. Nimeondoa betri moja iliyovimba kama mandazi, mwenyewe akiapa kwamba hakuifanyia kitu ila kuiacha garini wakati wa ibada.

Ile nusu kilo ya chaja nayo tunaweza kuiua. Laptopu hizi ninazokushauri huchaji kwa USB-C. Chaja ndogo ya USB-C ya wati 65, ya aina inayoitwa GaN, ni kubwa kama kiberiti cha jikoni kidogo tu zaidi, na inachaji simu yako pia. Moja inafanya kazi ya mbili. Lakini nunua yenye jina. Za mtaani zinazoandikwa wati 65 nimezipima zikitoa ishirini. Stima yetu hukatika na kurudi kwa kishindo, na mvua za radi za upande huu unazijua, kwa hiyo radi ikianza kupiga chomoa ubaki kwenye betri.

Tahadhari moja hapo. T480s na X1 Carbon ya kizazi cha 6 huchaji kwa USB-C pekee, hazina tundu lingine la chaji. Na Lenovo yenyewe ilitangaza kwamba matundu ya Thunderbolt (aina ya USB-C yenye kasi) ya ThinkPad za miaka hiyo yalikuwa na kasoro kwenye programu yake ya ndani, ikatoa sasisho la kuirekebisha. Isiyosasishwa inaweza kuharibu tundu lenyewe. Basi dukani chomeka chaja kwenye kila tundu la USB-C, moja baada ya jingine, uhakikishe yote yanachaji. EliteBook na Latitude nilizotaja zina tundu la duara pia, kwa hiyo moja likifa unaishi na jingine. Kwa mtu wa safari, hilo kwangu lina uzito kuliko gramu 200 za tofauti.

Skrini: chukua 1920 kwa 1080, kataa 1366 kwa 768, maana Excel kwenye hiyo ya pili ni kuchungulia dirishani. Ambacho watu hawaulizi ni mwanga. Skrini nyingi za kawaida zina niti (kipimo cha mwanga) 250 au 300, na chini ya mwembe pale Ugunja utakuwa unajitazama uso wako. Toka nayo nje ya mlango wa duka, uitazame juani ikiwa kwenye mwanga wa mwisho. Na baadhi ya EliteBook zina Sure View, kizuizi cha kumfanya jirani kwenye matatu asione unachosoma. Wazo zuri, lakini kwenye G5 skrini hizo zina ukungu na rangi iliyokufa. Ukiiona G5 ambayo ukisogea pembeni kidogo inageuka giza au nyeupe, ni hiyo. Mimi siipendi.

Usidanganywe na tundu la laini, pia. Nyingi zina nafasi ya kadi ya SIM lakini modemu haikuwekwa ndani. Chomeka laini uone kama alama ya mtandao inatokea. Isipotokea, simu yako itaendelea kuwa hotspot, si msiba.

Sasa jambo lililomliza mteja wangu. Alinunua laptopu nzuri kabisa, akaitumia wiki mbili, kisha akaamua kuisafisha kwa kuirudisha kama ya kiwandani. Ilipowaka na kuunganishwa na Wi-Fi, ikamtaka aingie kwa barua pepe ya kampuni fulani ya Uingereza. Mashine ilikuwa bado imesajiliwa kwenye mfumo wa usimamizi wa kampuni hiyo, unaoitwa Autopilot, na usajili huo uko kwa Microsoft kwenye mtandao, si ndani ya diski. Kubadilisha diski hakuuondoi. Muuzaji alikuwa ameupita kwa kuweka Windows bila intaneti. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwambie muuzaji airudishe mwanzo mbele yako na aiunganishe na intaneti ya simu yako wakati wa kuisanidi. Itachukua kama saa nzima, kunywa chai. Ikikusalimu kwa jina la kampuni yoyote, achana nayo. Ingia na kwenye BIOS pia, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell. Ikidai nywila usiyopewa, achana nayo vilevile.

Faida ya zoezi hilo ni kwamba linakuonyesha na leseni. Laptopu hizi za makampuni kwa kawaida zina leseni ya Windows Pro ndani ya bodi, kwa hiyo ikishaunganishwa hujiamsha yenyewe. Angalia Settings, System, Activation. Anayekuambia atakuwekea "activator", programu ya kuiamsha Windows bila leseni, anakuwekea mlango wa wezi juu ya kitu ambacho tayari ulikuwa nacho.

Mengine ni ya dakika kumi: bonyeza kila herufi (za ex-UK zina alama ya pauni juu ya 3, utazoea), jaribu kamera na maikrofoni, fungua na kufunga kifuniko mara kadhaa, na upakue CrystalDiskInfo uone afya ya SSD. Surface Laptop zitakuvutia kwa urembo. Ile ya kwanza ya 2017 ilipewa sifuri kati ya kumi na tovuti ya ufundi ya iFixit kwa urahisi wa kutengenezwa, na mimi niliyewahi kuifungua sibishani nao.

Kuhusu Nairobi: bei za Luthuli na Moi Avenue zinaweza kuwa chini, na basi la usiku litakuletea mzigo asubuhi. Lakini soma tena hapo juu uhesabu mangapi yanahitaji mkono wako uwe juu ya mashine. Ripoti ya betri wanaweza kukutumia kwa WhatsApp, na ripoti ya mashine nyingine pia wanaweza. Kama una siku ya kwenda mwenyewe, nenda. Kama huna, nunua hapa Kisumu kwa elfu mbili zaidi, na risiti iwe na muhuri, nambari ya utambulisho ya mashine (serial number) kama inavyosomeka kwenye BIOS, na muda wa kurudisha ulioandikwa, si wa mdomo. Hiyo 840 G5 ya Sh36,000, rudi ukaisome prosesa na betri kesho. Ikiwa ni i5 ya kizazi cha 8 na betri juu ya asilimia 80, na hukupata G7 wala 830, ichukue, ongeza RAM hadi GB 16, nunua chaja ndogo, na ule waya wa extension umwachie binamu.